Siri Haina Kituo Fukayosi

Waingereza wana riwaya zao za mauaji ya kistaarabu: enzi za kale, ukumbi wa maigizo, mwigizaji maarufu kafa kati ya onyesho la pili na la tatu, tone la damu halionekani, na bibi mmoja mpenda chai ndiye atakayemnasa muuaji ukurasa wa 300. Kule London, mchezo wa Agatha Christie uitwao The Mousetrap ulianza mwaka 1952, na watazamaji huombwa wasimtaje muuaji wakishatoka nje. Nao, ati, hunyamaza!

Uleteni mchezo huo Fukayosi, wilayani Bagamoyo. Kabla pazia halijafunguliwa, mama muuza vitumbua atakuwa keshamtaja mhusika, na baba yake, na deni lake la dukani. Abiria wa daladala atateremka Kiwangwa na kisa kizima, pamoja na nyongeza zake.

Si kwamba vifaa vya riwaya hatuna. Bagamoyo pana chuo cha sanaa tangu 1981, siku hizi TaSUBa: jukwaa lipo, ngoma zipo, na wivu wa wasanii haujawahi kuadimika popote. Mpelelezi naye yupo, Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyetoka na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, 1960. Ila Bwana Msa ni mtu wa kufikiri taratibu. Fukayosi angewasha kiko, na kabla hakijakolea, mtoto wa jirani angemsogelea:

"Shikamoo babu. Ni mjomba wake. Mama kasema usimtaje aliyekwambia."