Maji Sebuleni Saa Kumi Usiku

Nyumba yetu ya Tabata ina watu saba na tangi moja la lita 1,000, na ugomvi wetu wa kudumu ulikuwa nani kamaliza maji. Kisha shemeji yangu, mdogo wake mume wangu anayesoma chuo hapa Dar es Salaam, akaja na jambo lake, na ugomvi ukapata mwenzake.

Tangu utotoni kijana huyu huota ndoto ileile: yumo ndani ya basi linaloteremka mlima wa Kitonga bila breki. Analala sebuleni kwenye kochi, na mara nyingi nimeamshwa na kilio chake nikatoka na khanga begani kwenda kumtuliza. Kwa hiyo aliponieleza kwamba mtu anaweza kujifunza kutambua, humohumo ndotoni, kuwa anaota, na akitambua anaweza kuigeuza ndoto inayomtesa, nilimsikiliza mpaka mwisho. Wala si porojo. Mwaka 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull huko Uingereza, mtafiti Keith Hearne alimpima Alan Worsley akiwa usingizini. Worsley akiwa katikati ya ndoto alipeleka macho kushoto na kulia kama walivyopatana, na mashine ikayaandika yote. Walichagua macho kwa sababu katika usingizi ule wa ndoto misuli mingine karibu yote hulegea. Miaka michache baadaye Stephen LaBerge naye akalithibitisha jambo hilo Stanford, Marekani.

Kazi yenyewe hufanywa mchana. Paul Tholey, mwanasaikolojia wa Kijerumani, aliwataka watu wajiulize mara nyingi kwa siku, na kwa dhati: je, hapa nilipo naota? Mazoea ya mchana hutufuata usiku. Shemeji akawa anasimama popote alipo, anatazama, anasikiliza, ananusa, anasikilizia ngozi yake, halafu anajipima. Anafumba mdomo, anabana pua, anajaribu kuvuta hewa. Ndotoni mara nyingi pumzi hupita tu. Au anasoma maandishi, anageuza uso, anayasoma tena. Ndotoni aghalabu hubadilika.

Sasa mtie mtu wa namna hiyo katika nyumba yenye shughuli. Maharage yakaungua huku kayasimamia, anasikiliza yanavyotokota. Akatumwa mkaa, akakutwa njia panda kafumba macho, anazitenga sauti za bodaboda mojamoja. Watoto wakamwiga, na mchana mmoja wote wakabana pua mbele ya sinia la chakula. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Tanga, akaweka mwiko chini. "Kwani mchuzi wangu unanuka?" Jioni akaniita uani, akaninong'oneza: "Mwanangu, huyu mtoto hayuko peke yake." Kwake dalili zilikuwa zimekamilika, maana juzi yake shemeji alikuwa amezinduka alfajiri asiweze kuinua hata kidole. Mama akasema ni jinamizi. Nikamweleza kuwa ni ule ulegevu wa misuli, akili imetangulia kuamka na mwili umechelewa kuifuata. Alinisikiliza kwa adabu, akafukiza ubani.

Hata hivyo, aliyemfundisha shemeji kazi hii sawasawa ni Mama huyohuyo. Siku moja alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, na shemeji kachuchumaa pembeni. Mama akamwambia asitazame, asikilize. Meno yakiwa kwenye nyama ya nazi sauti ni nene, laini. Yakikaribia kifuu inakuwa kavu, na kiganja kinapata mtikisiko mdogo. Hapohapo unazungusha, la sivyo tui litakuwa na vumbi jeusi la kifuu. Akampa akune mwenyewe, macho kafumba, mpaka akaweza. Mimi naamini zoezi hili linashinda kengele zote za simu za kumkumbusha mtu ajipime, kwa kuwa mtu hawezi kulifanya huku mawazo yako kwingine.

Kengele ndiyo iliyotuletea balaa. Ndoto ndefu huja karibu na asubuhi, kwa hiyo wako wanaoamka kabla ya kucha, wakakaa macho kidogo, kisha wakarudi kulala wakiwa na nia ya kutambua. Shemeji akatega simu saa kumi usiku. Ilikuwa wiki ya mgao mkali wa maji. Jioni alikuwa amefungua bomba la bafuni, halina tone, akasimama kusikiliza upepo unavyolia ndani ya bomba, akaondoka bila kulifunga. Chini yake palikuwa na beseni la nguo lililoziba tundu la kutolea maji.

Maji yakarudi tumelala. Simu ilipolia, shemeji akashusha mguu, ukazama mpaka kwenye kifundo. Ndala zinaelea, mkeka wa Mama unaelea. Mandhari ya ndoto kabisa! Akarudisha mguu juu ya kochi, akasikiliza. Friji ilikuwa inanguruma, na waya wake wa ekstensheni ulikuwa umelala sakafuni. Akabana pua. Hewa haikupita hata chembe. Akamulika kalenda ukutani, akaisoma mara mbili, herufi zikabaki zilezile. Hakushusha mguu tena. Alitembea juu ya makochi hadi kwenye swichi kuu, akazima umeme wa nyumba nzima, ndipo akapiga kelele: "Amkeni! Msishuke kitandani mpaka niwaambie! Niko macho!"

Mpaka leo nikiwaza angesema tu "naota" akakanyaga yale maji, moyo unanienda mbio.

Tulikausha nyumba hadi adhana ya alfajiri. Kiroba cha unga kilikuwa kimelowa chote, na magodoro ya watoto yakaanikwa juu ya ukuta wa fensi. Mume wangu akataka mambo haya ya ndoto yaishe. Mama akakataa. Akasema kengele ndiyo ife. Yeye huamka kila siku kwa ajili ya swala, atamwamsha kijana waswali pamoja, kisha arudi kulala.

Ndivyo walivyofanya, na asubuhi moja shemeji akaja kwenye chai anatetemeka kwa furaha. Alikuwa ndani ya basi, Kitonga, linaporomoka. Akatazama tiketi, akatazama tena, jina la kituo limekuwa jingine. Akajua. Akasimama kwenye njia ya katikati, akamwambia dereva asimamishe, na basi likasimama. Akashuka.

Mama akamsogezea mhogo. "Humo ndani ulisikia harufu gani?"

Shemeji akafikiri. "Hakuna, Mama. Hakuna harufu yoyote."

"Basi ulichelewa kujua," Mama akamwambia. "Wapi umeona gari linateremka Kitonga na breki hazinuki?"