Jinsi ya Kuimaliza Njia ya Ziwa Kivu Bila Kuimaliza

Sogea karibu, ndugu yangu, nikunong'oneze. Kule Rwanda, kandokando ya Ziwa Kivu, ipo njia ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli inayoitwa Congo Nile Trail. Inaanzia Rubavu, mji ambao wengi bado wanauita Gisenyi, inapita Karongi na Nyamasheke, inaishia Rusizi. Jumla yake kilomita 227. Anayetembea huhesabiwa siku 10 hivi, mwenye baiskeli 5. Wewe una likizo ya siku 4 na kitambi cha ofisini, na tayari umeshawatangazia jamaa kwenye kundi la WhatsApp kwamba unakwenda. Usihofu. Fuata hatua hizi, utarudi na heshima yako yote.

1. Anza na mwonekano

Watu watakutazama kabla hujakanyaga pedali, kwa hiyo vaa vizuri. Kofia ngumu, miwani, kaptura yenye sponji. Hiyo kaptura usiione ni mapambo; siku ya pili utaishukuru kuliko ulivyowahi kumshukuru mtu.

Baiskeli kodi hukohuko Gisenyi. Ikague mbele ya mwenyewe: breki zote mbili zishike, gia nyepesi kuliko zote iingie bila kulia, tairi ziwe na meno. Chukua pampu na viraka hata kama hujui kuziba pancha. Na kumbuka, wewe unayetoka Tanzania, Kenya au Uganda, Rwanda magari hupita kulia. Zunguka mtaani nusu saa mpaka mkono na jicho vizoee. Hapo hakuna njia ya mkato.

2. Amka mapema bila kuamka mapema

Rwanda iko nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa moja. Mwili wako utaamka saa 12 asubuhi kama ulivyozoea, na saa ya ukutani itasema 11 alfajiri. Usiirudie blanketi! Vaa, toka, kaa barazani na kikombe cha chai. Wenye nyumba ya wageni watakukuta hapo ukilitazama ziwa, na watakuhesabu miongoni mwa watu wa mazoezi. Picha yako ya kuanzia safari piga muda huohuo, ufukweni, baiskeli ikiwa bado safi. Baada ya saa mbili wewe na baiskeli hamtafaa kupigwa picha.

3. Shuka kabla hujashushwa

Sasa vilima. Jina la njia limetokana na mgongo wa milima inayogawa maji: mvua ikinyesha upande mmoja huenda Mto Kongo, upande wa pili huenda Nile. Wewe uko ubavuni mwa mgongo huo, upande wa Kongo. Kila kijito kinachoteremkia ziwani kimechimba bonde lake, na kila bonde lina kushuka na kupanda. Ziwa lenyewe liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Aliyezoea hewa ya Tanga au Mombasa atahema akiwa bado tambarare, na anayo haki ya kusema ni kimo.

Siri ni hii: shuka ungali na pumzi. Anayeshuka katikati ya kilima huku baiskeli inayumba, kila mtu anaona ameshindwa. Wewe shuka chini kabisa, kilima kikianza, shika usukani kwa mkono mmoja na tandiko kwa mwingine, ukokote polepole ukitazama mashamba ya kahawa na migomba. Wenyeji nao hukokota vilima hivyo. Wanaijua ardhi yao.

Ukisikia aibu, kumbuka Septemba 2025. Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Siku ya wanaume, mbio za kilomita 267, walianza mabingwa wa dunia nzima, na waliofika mwisho ni 30 tu. Zaidi ya 100 waliacha njiani, na hao kuendesha baiskeli ndiyo kazi inayowalisha. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

4. Pitwa vizuri

Utapitwa, na si na mtalii. Atakupita mtu kwenye baiskeli ya chuma isiyo na gia, mikungu ya ndizi imefungwa nyuma, kandambili miguuni. Usijaribu kumfuata. Mpishe, msalimie. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, na Gisenyi utakisikia sana kwa ujirani wa Goma, lakini huku vilimani jifunze maneno machache ya Kinyarwanda: "mwaramutse" asubuhi, "mwiriwe" mchana na jioni, "murakoze" kwa kushukuru. Naye atakujibu "komera!", yaani jipe nguvu. Neno hilo lina msaada wa kweli. Nakuhakikishia litakusogeza mita 50 zaidi.

5. Panda boti

Hapa ndipo penye utamu. Ukifika Kinunu, penye kiwanda cha kuosha kahawa, umeshapata vumbi la kutosha, jasho la kutosha na hadithi ya kutosha. Tafuta boti ya kwenda Karongi. Patana bei kabla hujapanda, pakia baiskeli, kaa mbele.

Wala usidhani umeikimbia njia. Aliyeko kilimani analiona ziwa kwa vipandevipande kati ya migomba. Wewe unaviona vilima vyote kwa pamoja, vile ulivyovipanda na vile ambavyo hutavipanda kamwe. Jioni utakutana na wavuvi wa sambaza: mitumbwi mitatu imefungwa pamoja, miti mirefu imechomoza mbele na nyuma, taa tayari kwa usiku, na wanaimba wakipiga makasia. Sambaza hao si wageni kwako. Ni dagaa wa Ziwa Tanganyika, walipandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Mtu wa Kigoma aagize sahani mbili, wakaangwe wakavu, pilipili pembeni, ajisikie nyumbani.

Karibu na Karongi, uliza juu ya mtambo wa KivuWatt. Unanyonya gesi ya methani kutoka kilindini mwa ziwa na kuzalisha megawati 26 za umeme. Ukirudi nyumbani, habari hii itawashika watu kiasi cha kusahau kukuuliza umeendesha kilomita ngapi.

6. Fika ukiwa na jasho

Kutoka Karongi kwenda Rusizi kuna lami na kuna mabasi. Panda. Mwombe dereva akushushe kilomita 5 hivi kabla ya mji, umalize kwa pedali. Utaingia Rusizi umelowa, unahema, mnyororo unalia vizuri. Ukiulizwa, sema: "Nimetoka Rubavu mpaka Rusizi, kando ya ziwa." Ni kweli tupu. Akiuliza zaidi, mwambie yote, boti na basi. Atakuomba namba ya mwenye boti.

Ila mahali pamoja usikate kona. Kijana aliyekuzibia pancha, aliyekushikia baiskeli kilimani, mama aliyekuchemshia mahindi, walipe sawasawa na papo hapo. Mifuko ya plastiki usiende nayo. Imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008. Takataka zako rudi nazo mjini, kwa sababu ndani ya ziwa hilo wenyeji wanavua na kuoga kila siku.

Halafu kabla ya kurudi, simama Rusizi pale Kivu inapomwaga maji yake katika Mto Ruzizi. Yanateremka kutoka hapo mpaka Ziwa Tanganyika, na njia nzima hayapandi kilima hata kimoja.