Sifa za Ujumbe Uliofutwa

Katika ofisi za Kindu, mkoani Maniema, kuna andiko moja tu linalosomwa na watu wote, kuanzia mkuu wa divisheni hadi mlinzi wa lango. Si tangazo la shefu, wala si kanuni za utumishi zinazoning'inia ukutani tangu enzi ya Zaire. Ni ule mstari mfupi wa kijivu, herufi zake zimelala ubavu, unaotokea katika kundi la WhatsApp la kazini na kusema kwamba ujumbe huu umefutwa. Simu zetu nyingi hulisema hilo kwa Kifaransa, lakini hakuna anayehitaji mkalimani. Najua mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hata hivyo nitausifu, maana umetumika miaka yote hii bila hata cheti cha shukrani.

Tazameni kwanza taabu ya maandishi mengine. Barua ya ofisi huandikwa, huchapwa, hupelekwa kusainiwa, hurudishwa kwa sababu koma imekaa vibaya, hupigwa muhuri, nakala zake huenda kwa wakuu ambao hawatazisoma, na mwisho hubandikwa mlangoni, ambako kabla ya wiki kwisha imefunikwa na tangazo la matanga. Sasa mwacheni mhasibu atume neno kundini saa mbili usiku na kulifuta saa mbili na dakika tatu. Asubuhi wafanyakazi wanaokaa Alunguli wanapanda mtumbwi kuvuka Lualaba, na hawajafika katikati ya mto matoleo matatu yamekwisha kutoka. Ilikuwa listi ya primu, tena yenye majina machache kuliko watu walivyotegemea. La, yalikuwa maneno matamu ya kwenda kwa mtu mmoja, yakapotea njia. La, zilikuwa habari za shefu. Wakitia mguu ng'ambo ya pili wanalo toleo la nne, lililounganisha yote matatu. Hakuna mshairi wa Maniema ambaye mstari wake mmoja uliwahi kupata wafasiri wengi hivyo.

Tena mstari huu huleta ujirani. Umeme wetu si wa kutegemea, hivyo simu nyingi hushinda kwenye vibanda vya kuchajia, karibu na jenereta. Anayekwenda kuchukua yake anakuta ujumbe umekuja na umeondoka wakati betri imekufa. Mtu huyo hana la kufanya ila kutembea kwa wenzake. Atauliza hali ya watoto, atakubali kukaa, atakula wali na sombe, na akinawa mikono atasema, kana kwamba jambo limemjia sasa hivi: “Eti mama, jana kundini kulikuwa na nini?”

Wenye programu nao wamekua katika huruma. Uwezo wa kufuta kwa watu wote ulipokuja mwaka 2017, mtu alipewa dakika 7 za kutubu. Kwa Kindu dakika 7 ni dhihaka: mtandao unakatika, mega zinakwisha, na kidole kinachotetemeka hakipati kitufe. Baadaye muda ukapanuliwa ukapita saa moja, na mwaka 2022 ukafika siku mbili na ushei. Sasa mtumishi anaweza kumwandikia mkubwa wake ukweli wote Ijumaa jioni, akalala nao, akaenda kanisani Jumapili asubuhi, akarudi na moyo uliolainika, akafuta. Mkubwa alikwisha kuusoma Ijumaa ile ile, bila shaka. Lakini sasa wote wawili wana ruhusa ya kusema haukuwepo, na kazi nyingi za serikali zimejengwa juu ya makubaliano dhaifu kuliko hayo.

Nimwinamie kidogo yule aliyebonyeza kufuta kwa ajili yake mwenyewe tu. Huyu ndiye mtakatifu wa habari hii. Ameona kosa, amepata baridi, amekimbilia kitufe cha karibu, na ujumbe umetoweka, kwa macho yake peke yake. Kundi zima linaendelea kuusoma. Jumatatu anaingia ofisini na uso wa mtu aliyelala vizuri, anasalimu kila meza, anamuuliza shefu habari za nyumbani. Wenzake wanamtazama kwa upole ambao hakuwahi kuuonja. Desemba 2022 WhatsApp walimhurumia, wakamwekea sekunde 5 za kutengua. Mimi nasikitika kidogo. Utakatifu wa namna ile utapungua.

Asidhani mtu kwamba kufuta huku ni ugeni uliotuletewa na simu. Kusini mwetu, kando ya Lualaba hii hii, mwaka 1871 David Livingstone alikuwa Nyangwe, ameishiwa wino na karatasi. Alikamua matunda ya porini, akaandika kwa maji yake juu ya kurasa za gazeti kuukuu, akiyapitisha maneno yake juu ya maneno yaliyochapwa. Humo aliandika mauaji ya sokoni ya mwezi Julai, ambayo si ya kuchekea. Wino ule ukafifia hadi maandishi yakawa hayasomeki. Mwaka 2011 watafiti waliozipiga picha kurasa zile kwa mianga ya namna mbalimbali waliyafufua maneno, na wakaona kwamba alipoyanakili baadaye katika shajara yake, mengine aliyaacha na mengine aliyalainisha. Miaka 140 baadaye! Mhasibu wetu anayedhani dakika tatu zimemwokoa na ajue amefuta katika mkoa gani.

Lakini sifa kubwa kuliko zote ya mstari wa kijivu ni uaminifu. Mstari huu haujifanyi kwamba hapakuwa na kitu. Tangu 2022 admini naye anaweza kufuta ujumbe wa mtu mwingine kundini, na programu imemwekea sharti: jina lake linaonekana pale pale. Kufuta kumepata sahihi. Umebaki muhuri tu. Linganisheni na wafutaji wengine tulionao. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti nchi nzima, ikairudisha baada ya karibu siku 20, na katika siku zote hizo hatukuona hata mstari mmoja wa kijivu. Au mchukueni karani ambaye jina lake limetoka katika listi ya malipo. Anakwenda benki, haonekani. Anapanda ofisini, anaambiwa listi imetoka Kinshasa. Akitafuta pale lilipokuwa jina lake, aliyekuwa chini yake amepanda, aliyekuwa juu yake yupo pale pale, na pengo halipo.

Basi naomba, kwa heshima zote na kwa kufuata ngazi, wizara inayohusika iige programu hii. Jina likitoka katika listi, mahali pake ubaki mstari wa kijivu, na pembeni liandikwe jina la admini aliyefuta, pamoja na saa. Kwa kuwa Kinshasa wako saa moja nyuma yetu, saa ya Kindu itumike.