Wiki ya Zamu

Jumatatu. Ukungu wa Lushoto umeingia mpaka uwanja wa gwaride. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, wakapanda hadi huku, mita 1,400 hivi, kukimbia joto la pwani. Walikipata walichotaka. Nimetoa nasaha za asubuhi kuhusu usafi wa mabweni. Ukungu ulipopungua, wanachuo walikuwa nyuma yangu. Walisikiliza kwa adabu.

Jumanne. Tumetoa vifaa chakavu stoo, ikiwemo mashine ya kudurufu ya kuzungusha kwa mkono. Mwaka 1993, nikiwa mkufunzi mgeni, hiyo mashine ndiyo ilikuwa chuo. Stensili inapigwa kwa taipureta, kosa linapakwa dawa nyekundu yenye harufu ya rangi ya kucha, unapuliza, unapiga upya, na mikono inabaki myeusi mpaka Jumapili kanisani. Mtihani mmoja stensili ilichanika, swali la tatu likatoka wino mtupu. Mwanachuo mmoja alilijibu, tena vizuri sana. Leo ni mwalimu mkuu.

Jumatano. Kukagua mazoezi ya kufundisha, shule ya juu kabisa mlimani. Bodaboda, niliyemfundisha zamani, kakataa katakata nauli ya mwalimu wake. Petroli ikaisha kwenye kona. Nimenunua petroli, imezidi nauli. Andalio la somo la mwanachuo lilikuwa safi, na sehemu ya tathmini ilishajazwa: "Wanafunzi wengi wameelewa somo." Kengele ya kipindi ilikuwa haijalia.

Alhamisi. Luku imekata katikati ya kikao cha kubana matumizi ya umeme. Mhasibu yuko Tanga. Tumeendelea gizani, ajenda zote zimepita bila mjadala. Sijawahi kuliona hilo hapa.

Ijumaa. Mwezi ujao natimiza miaka 60, nastaafu kwa mujibu wa sheria. Mweka hazina wa kamati ya kuniaga kanifuata mlangoni: kwenye orodha ya michango bado nadaiwa. Nikamwuliza kama anayeagwa naye huchanga. Akasema kamati haikuweka msamaha, na ada ni moja kwa watumishi wote. Nimelipa, nikapewa risiti.

Mchana dereva kaleta ombi la gari nilitie saini, kwa kuwa mkuu wa chuo kasafiri na zamu ni yangu. Kwenye sababu ya safari wameandika: "Kununua zawadi ya mstaafu. Asijue." Nimeidhinisha.