Sifa za Diski ya Mtumba

Sisi wa Pwani Kusini hatuna uchoyo wa sifa. Mchanga wa Diani tumeusifu mpaka ukapanda bei ukatutoka mikononi. Mbega wamefungiwa madaraja ya kamba juu ya barabara, wanavuka kwa heshima kuliko waendao kwa miguu. Mikoko ya Gazi inalipwa fedha za kaboni kwa kusimama tu. Misitu ya kaya, Kaya Kinondo ikiwemo, iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kimebaki kitu kimoja kinachoishi nasi Ukunda, Tiwi hata Msambweni, kinakesha chini ya meza za wapiga video na wapiga picha wetu, na hakuna mshairi aliyekitungia hata ubeti mmoja: diski kubwa ya mtumba. Nasema ile ya terabaiti 12, 14 au 16, iliyotumikishwa ughaibuni mpaka ikachokwa, ikasafishwa, ikabandikwa lebo mpya na kuletwa kwetu imalizie umri wake penye joto.

Leo naisimamia. Najua mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini diski haina masikio, na tembo lake tayari lina maji. Sifa hazitaliharibu zaidi.

Tuanze na nasaba, maana mwungwana hutambulishwa kwa ukoo wake. Babu wa ukoo huu ni RAMAC wa IBM, aliyetokea Marekani mwaka 1956. Alikuwa na sahani 50, kila moja ya upana wa inchi 24, mwili wa takriban tani moja, na uwezo usiofika megabaiti 5. Picha moja ya bi harusi iliyopigwa kwa simu ya leo ingemjaza pomoni. Ukoo ulihangaika miaka 51 ndipo Hitachi ikatoa diski ya terabaiti moja, mwaka 2007. Mwaka 2013 kampuni ya HGST ikaleta diski ya terabaiti 6 iliyojazwa heliamu badala ya hewa, ili sahani nyingi zaidi zizunguke bila kusukumana na upepo. Huyo wa heliamu ndiye mzazi wa hawa wetu wa leo.

Malezi nayo si haba. Diski hii haikukulia kichochoroni. Ujana wake ulipita katika kituo cha data, tuseme Ashburn kule Virginia au Frankfurt, chumba cha baridi, walinzi mlangoni, stima isiyokatika. Ilitumikia labda miaka mitano bila likizo, na miaka mitano ya kuzunguka mfululizo ni saa 43,800. Kisha ikaondolewa. Kule nafasi na umeme huhesabiwa kwa senti, na diski yenye ujazo mkubwa zaidi ilikuwa imeshafika mlangoni, basi hapakuwa na haja ya kusubiri iugue. Ni kama karani wa serikali aliyestaafishwa kwa umri: bado anaamka alfajiri, bado anakohoa, bado anataka kazi. Wazungu wakasema basi. Sisi tukasema karibu.

Ikaja katika sanduku la ndugu anayerudi kutoka Dubai, au ikapitia maduka ya Mombasa ambako kila kilichotumika hupewa cheo cha “ex-UK” hata kama hakijawahi kuiona Uingereza. Ikavuka Likoni kwa feri au ikazunguka Dongo Kundu, ikapakatwa na abiria wa bodaboda, ikafika. Katika safari yote hiyo haikulalamika, kwa sababu diski iliyolala hustahimili mtikisiko kuliko iliyo kazini. Ukitaka kuiua, iguse kwa goti wakati inaandika.

Sasa fadhila zake.

Ya kwanza ni ukweli. Diski mpya huja na kimya cha mchumba: hujui lolote mpaka umeshaingia. Ya mtumba huja na faili lake. Ifungulie programu ya kusoma taarifa za SMART, daftari la afya yake, nayo itakiri yote: namba 9 itakuambia saa ilizofanya kazi, namba 5 sekta ngapi mbovu zimehamishwa, namba 197 ngapi zinasubiri hukumu, namba 198 ngapi zimekataa kusomeka. Saa zikiwa nyingi, usitishike; huo ni umri, na umri si aibu. Lakini 5, 197 na 198 zikitoka kwenye sifuri na kuanza kupanda, mrudishie muuzaji kabla hajabadilisha namba ya simu. Muuzaji anayekataa usizisome kabla ya kulipa ameshakupa majibu.

Watasema: wajanja hufuta hizo namba. Hufuta, kweli. Mapema mwaka 2025 tovuti ya Kijerumani ya Heise ilifichua diski za Seagate zilizouzwa Ulaya kama mpya, kumbe nyingine zilikuwa zimekwisha fanya kazi makumi ya maelfu ya saa. Seagate ilisema si yenyewe iliyoziuza hivyo, na shaka ikaelekezwa kwa mashamba ya sarafu ya kidijitali ya Chia, yaliyofagia diski madukani mwaka 2021 kisha yakazitupa biashara ilipolala. Kaunta za SMART zilikuwa zimerudishwa sifuri. Kilichowaumbua wauzaji ni diski zenyewe, maana zina daftari la pili, FARM, ambalo wajanja walilisahau, na humo saa zote zilikuwa zimeandikwa. Angalieni uadilifu huo! Wanadamu waliidanganyia umri, nayo ikatoa ushahidi dhidi yao. Kumbukeni pia nani alilia katika kisa hicho: walionunua “mpya”. Aliyenunua mtumba akijua ni mtumba alilala usingizi. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Ya pili ni subira. Mwenye busara haweki harusi ya mtu kwenye diski ya mtumba kabla ya kuijaribu yote, kuandika kila sekta kisha kuisoma tena. Kwa mwendo wa megabaiti 200 kwa sekunde, terabaiti 16 huchukua saa 22 kuandikwa, na kusomwa ni nyingine kama hizo. Hapo hatujahesabu kwamba tuko Kwale. Saa ya kumi na tisa stima inakwenda, inarudi, unaanza upya. Vyuo vingi vimeshindwa kuwafundisha vijana saburi. Diski hii huwafunza kwa ada ya tokeni chache.

Ya tatu ni sauti. Diski zilizotoka kwenye maghala ya data hazikuumbwa kwa ajili ya chumba cha kulala. Hukwaruza, huguna, na baadhi hugonga kila baada ya sekunde tano hata zisipokuwa na kazi, kwa kuwa zimefundishwa kukisogeza kichwa cha kusomea kisikae mahali pamoja. Wageni huuliza kama ni panya. Mwenye nyumba hujibu kwa fahari kwamba ni harusi ya Msambweni inapumua. Na faida ya nyumba yenye kugonga-gonga huko ni hii: siku itakaponyamaza, utajua papo hapo.

Ya nne ni kuinua ufundi wa mtaa. Baadhi ya diski hizi, ukizichomeka kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani, hazitaki kuamka. Zilizoea seva ambazo huziamuru zilale kwa kupeleka volti 3.3 kwenye pini ya tatu ya soketi ya umeme; kompyuta yako inapeleka volti hizo bila nia mbaya, nazo zinatii na kulala. Tiba ni kipande kidogo cha tepu ya kuhami kinachofunika pini hiyo. Mjerumani akisikia hivyo hushtuka. Ukunda hakuna aliyeshtuka, kwani hapa hakuna kitu ambacho hakijawahi kutibiwa kwa tepu. Nyingine hutaka kasha lenye adapta yake ya volti 12, maana ni diski za inchi tatu na nusu na haziwezi kunyonya umeme wa waya wa USB pekee. Unaona? Umenunua diski moja, umewapa riziki watu watatu.

Ya tano ni afya ya pwani, na hapa naacha utani kidogo. Adui wa vifaa vyetu ni hewa ya chumvi. Diski za kawaida zina kitundu cha kupumulia, kimeandikwa kwa Kiingereza kisizibwe. Hupitisha hewa kupitia kichujio. Diski ya heliamu imechomelewa ikafungwa kabisa, kwa hiyo bahari ya Galu haipenyi ndani kwenye sahani. Bodi yake ya umeme iko nje na miguu yake ya shaba hushika kutu, basi ifunike, iweke mbali na dirisha. Lakini ndani, ambako kichwa huelea nanomita chache tu juu ya sahani, pako salama. Ukingo wa sahani hiyo hukimbia zaidi ya kilomita 120 kwa saa, huku matatu zetu kisheria mwisho wake ni 80.

Na stima ikikatika ghafla? Usiku wa 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima ilizama gizani, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Katika giza hilo, kila diski iliyokuwa ikifanya kazi ilitenda jambo ambalo hakuna aliyelipigia makofi. Sahani zinaendelea kuzunguka kwa nguvu zilizobaki, mota inageuka jenereta, na umeme huo mdogo unakirudisha kichwa maegeshoni kabla hakijaangukia data. Kilichokuwa kinaandikwa dakika ile huenda kikapotea. Kilichokwisha andikwa kinabaki. Ningependa kuona taasisi nyingine nchini iliyojiandaa hivyo kwa giza.

Niilinganishe sasa diski hii na mahasimu wake. Kuna wanaosema weka kila kitu kwenye hifadhi ya mtandaoni. Twende na hesabu. Video ya 4K kwa kiwango cha megabiti 100 kwa sekunde ni gigabaiti 45 kwa saa. Harusi moja yenye kamera tatu na saa sita za kurekodi ni gigabaiti 810. Kwa intaneti inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde, ikiwa haikukatika hata dakika, ni siku saba na nusu. Fungate imekwisha, bi harusi ametolewa nje, na faili la mwisho bado linapanda. Tena tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu baharini, Afrika Mashariki nzima ilijua data yake iko mbali kiasi gani. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, hasa ndugu akiwa Virginia na anadai kodi kila mwezi.

Basi nijibu pingamizi la mwisho, lililo zito kuliko yote: diski ya mtumba hufa. Naam, hufa. Waranti yake ni fupi, na kuirudisha kwa muuzaji wa Marekani kutoka Ukunda kunaweza kugharimu kiasi cha kukufanya uisamehe. Kwa hiyo mwenye akili hanunui moja. Hununua mbili, anakili ile kwenye hii, na nakala ya tatu anaiweka nyumba nyingine kabisa. Wenye fani huiita kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, vyombo viwili tofauti, moja iwe mbali. Ongeza kasha, adapta na kifaa cha kuzuia stima isiruke. Mshenga wa diski mpya anakuja juu hapo hapo: “Ukijumlisha, si umekaribia bei ya moja mpya?”

Umekaribia. Na ndipo ilipo neema yenyewe. Aliyenunua moja mpya amelipa bei hiyo hiyo akapata diski moja na imani. Anaijaza, anaifungia sandukuni, hatazami namba 5 wala 197, kwa sababu kampuni imemwahidi miaka mitano. Mpya nayo hufa. Tofauti ni kwamba haijakuonya. Siku hiyo atapeleka waranti yake na kampuni itamtendea haki kamili: itampa diski nyingine, tupu, inayong’aa. Harusi haimo kwenye waranti. Wala sauti ya marehemu bibi akisimulia Kinondo ilivyokuwa, wala ngoma ya sengenya iliyorekodiwa kabla wapigaji wake hawajazeeka.

Kwa hiyo, ndugu wapiga video wa Diani, nanyi mnaotunza picha za ukoo, nunueni kuukuu, nunueni mbili, na msiziamini hata kidogo. Nakala ya tatu mpelekeeni shangazi Msambweni aifungie kabatini, mumtembelee mara kwa mara mwisome upya. Naye atafurahi kutembelewa, hata kama anajua mmefuata diski. Na itakapokufa moja, kama itakavyokufa, msiilaumu. Ina uzito wa karibu gramu 700, na kusi likivuma milango ya Pwani haijawahi kukataa kizuizi.