Mgomba wa Coventry na Hita ya Kilowati Mbili

Ujumbe wa sauti uliingia kwenye kundi la ukoo saa tisa usiku, saa za Muheza. Ulianza kwa upepo, ukafuata mgongano wa meno, halafu sauti ya Mjomba, ya chinichini kama ya mtu anayevizia nguruwe shambani: "Ndani nyuzi tisa. Nje sita chini ya sifuri. Hita inaunguruma. Tuombeane."

Waliokuwa macho walidhani amelazwa. Kulipokucha ndipo ilipobainika kwamba mgonjwa ni mlimau.

Mjomba anaishi Coventry, katikati ya Uingereza, miaka mingi sasa. Nyuma ya nyumba yake kuna kibanda cha vioo, futi sita kwa nane, alichokinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Humo ameweka kwao: mlimau ndani ya ndoo, mashina matatu ya mchaichai, pilipili mbuzi, na mgomba mmoja wenye majani mapana alioununua mwezi Mei kwa furaha iliyomzuia hata kusoma kibao kilichofungwa shinani.

Huku nyumbani kitalu nyumba ni cha nyanya na hoho, na kazi yake ni kuzuia wadudu na mvua. Kule kinatakiwa kuzuia Desemba. Watu hudhani kioo chenyewe huleta joto. Kioo hunasa joto la jua, na jua lenyewe mwezi wa Desemba huchungulia mnamo saa mbili asubuhi, likaaga mnamo saa kumi alasiri. Giza likishaingia, kioo kitupu hakina tofauti kubwa na kanga yenye matobo.

Bibi, mama yake Mjomba, alihoji kwa utulivu.

"Mwanangu, umeme unawasha kwa ajili ya miti?"

"Ndiyo, mama. Kuna sakitu."

"Sakitu ndiyo nini?"

Mtu wa Muheza hana sababu ya kulijua neno hilo. Aliyelifafanua ni mpwa aliyeolewa Makete, ambako Juni na Julai umande huganda juu ya majani ya viazi na shamba likaamka limeungua bila moto. Wakulima wa Kinangop wanaijua, na wenye chai wa Kericho hawajaisahau ile ya mwanzoni mwa 2012. Huja usiku ule mzuri kuliko yote, wa nyota tele na upepo umetulia. Mawingu ni blanketi. Yakiondoka, joto la ardhi linapanda zake angani. Maji yaliyomo ndani ya jani huganda na kuharibu seli zake, na asubuhi jani linaning'inia jeusi kama mchicha uliochemshwa mara mbili.

Hita ya kwanza ya Mjomba ilikuwa ya chumbani, ile ndogo yenye feni. Aliipitishia waya wa ekstensheni dirishani, akaiweka juu ya tofali. Mkaza-mjomba alimwambia maji na umeme havikai pamoja. Mjomba akajibu kuwa yeye ni mtu mzima.

Tarehe 10 Desemba 2022, Jumamosi, Uingereza ilicheza na Ufaransa robo fainali ya Kombe la Dunia kule Qatar. Nje baridi ilikuwa ya kukata masikio. Ndani ya kibanda, pumzi za mimea na udongo mbichi zilikuwa zikigeuka matone chini ya paa la kioo, na matone, kama ilivyo desturi yake, yakatafuta pa kudondokea. Dakika ya 84, Ufaransa ikiongoza mbili kwa moja, Harry Kane akaweka mpira kwenye nukta ya penalti. Tone likaingia ndani ya hita. Kikata umeme kikafanya kazi yake, "ta!", na nyumba nzima ikazama gizani.

Mjomba alisimama katikati ya sebule bila kusema neno. Kupitia ukutani alisikia majirani wakipiga ukelele mmoja mrefu, akarukaruka gizani kwa furaha akijua bao limeingia. Simu ikaita. Alikuwa Bibi, ambaye huko Muheza ilikuwa inakaribia saa sita usiku naye hajalala. "Kijana wenu kaupaisha," alisema. "Na wewe mbona unahema hivyo?"

Kwa haki ya kile kikata umeme, hakikuwa na kosa. Kimewekwa kukata mkondo pale miliampia 30 tu zinapopotea njia, kabla hazijamuua mtu. Lililokosewa ni kupeleka kitu cha chumbani mahali panaponyesha ndani kwa ndani. Wiki iliyofuata fundi wa umeme alichimbia waya wenye deraya ya chuma ardhini, akafunga soketi isiyopenya maji, na Mjomba akanunua hita iliyotengenezwa kwa ajili ya vibanda hivyo, kilowati 2, yenye themostati. Mzee Mwingereza wa nyumba ya pili alikuwa amempendekezea jiko la mafuta ya taa, kama la marehemu baba yake. Mjomba alikataa katakata. Hakupanda ndege kukikimbia kibatari ili akipokee tena Coventry. Uamuzi ulikuwa sahihi, ingawa sababu haikuwa hiyo. Lita moja ya mafuta ya taa ikiungua huacha kiasi cha lita moja ya maji hewani, na hewa nzito yenye unyevu ndiyo huotesha ukungu wa kijivu juu ya majani.

Sasa ndipo uzalendo ulipoanza kumgharimu. Themostati aliigeuza hadi nyuzi 18. Kwa nini 18? "Ni kama Lushoto," alieleza. "Sijaomba Tanga mjini."

Hesabu ya Lushoto ni hii. Kioo cha unene mmoja hupoteza kama wati 6 kwa kila mita ya mraba, kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Kibanda kile, kuta na paa, kina mita za mraba 22 hivi. Kila nyuzi unayotaka kuiongeza inadai wati 130. Hita ya wati 2,000 ikijitahidi mpaka mwisho itakupandishia nyuzi 15, basi. Nje kukiwa sita chini ya sifuri, utaishia tisa, na themostati iliyoambiwa 18 itaendelea kungoja Lushoto isiyokuja. Haizimi. Usiku haizimi, mchana wa baridi haizimi.

Jikoni kwa Mjomba kuna kiskrini cha mita, chenye taa ya kijani unapotumia kidogo, ya njano ukizidisha kidogo na nyekundu ukikufuru. Kilikaa chekundu siku mbili. Mkaza-mjomba alikigeuza kitazame ukuta. Majira yale vita vya Ukraine vilikuwa vimepaisha bei ya gesi Ulaya nzima, na hata baada ya serikali kuweka kizuizi, uniti moja ya umeme ilikuwa kama peni 34. Hita ya kilowati 2 kwa saa 24 ni uniti 48, yaani pauni 16 na ushei, zaidi ya shilingi 45,000 za Tanzania kwa siku moja. Anayenunua LUKU kwa shilingi 356 kwa uniti asilie tena mbele za watu.

Mjomba si wa kwanza kuingia mkenge huu, na wenzake walikuwa na fedha. Huko Chatsworth, Derbyshire, katika miaka ya 1830, mtunza bustani Joseph Paxton alimkuzia mgomba bwana wake, Duke wa Devonshire, ndani ya nyumba ya joto. Jina la ukoo wa Duke ni Cavendish, na ndilo linalobebwa leo na ndizi zinazojaa maduka ya Ulaya. Paxton akamjengea pia jumba kubwa la kioo lenye boila nane na maili saba za mabomba, makaa yakiletwa kwa reli ya chini ya ardhi ili moshi na masizi visimkere mgeni. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, makaa yakakosekana, mimea ikafa, na mwaka 1920 jumba likavunjwa. Duke mzima alishindwa na bili. Mjomba alikuwa na mshahara wa zamu za usiku.

Aliyemwokoa ni yule yule mzee wa mafuta ya taa. Aliingia kibandani, akavua koti kwa sababu ya joto, akatazama themostati, akairudisha taratibu hadi 5. Kazi ya hita, alisema, ni kuizuia sifuri isiingie. Mimea hii imelala, haijaomba sherehe. Kwa nyuzi 5, usiku ambao nje ni 3, hita ile huhitaji kuwaka kama dakika 8 tu katika kila saa. Kwa 18, usiku huo huo, huwaka saa nzima. Jumapili wawili hao walibandika ndani ya vioo ile nailoni ya vipovu inayofungiwa vyombo vya udongo, wakaziba nyufa za mlango, na kukiwa na kajua kidogo wakafungua dirisha la juu kutoa unyevu. Pilipili mbuzi ilikuwa imeshafariki, usiku ule wa Kane. Mgomba Mjomba aliuvika blanketi lake la kitandani, na picha yake ikazunguka Muheza nzima.

"Nao unavaa soksi?" Bibi aliuliza.

Machi alipoufungua blanketi, kile kibao kilidondoka mguuni pake. Akakisoma kwa mara ya kwanza. Ulikuwa *Musa basjoo*, mgomba uliozoeleka bustanini Japani, unaopandwa Uingereza nje kabisa. Ukizungushiwa majani makavu shinani huvumilia baridi kali na kuchipua upya. Haukuhitaji hita hata dakika moja. Nyuzi zake hufumwa nguo, na ndizi zake haziliwi.

Habari hizo alizituma kwa ujumbe wa maandishi, si wa sauti. Kutoka Muheza ikarudi sauti ya sekunde 17, yote kicheko cha Bibi.

Mchaichai ulipona, mashina mawili kati ya matatu. Mlimau ulizaa malimau manne. Mkaza-mjomba, ambaye alikuwa ameweka bili zote ndani ya kopo la Blue Band, alikaa mezani na kalamu, akagawanya, kisha akayapanga malimau juu ya kabati, kila moja na kikaratasi chake: pauni 35. Mpwa mmoja akajibu kwa kutuma picha ya msimu uliopita, Fuso iliyosheheni machungwa ikiwa imeegeshwa barabarani Muheza, bila maneno yoyote. Mjomba aliitazama kwa muda, akakata limau moja, akalikamua juu ya samaki, na ganda akalitia kwenye chai.