Taarifa Hazitoshi

Mtihani wa GMAT, ule wanaoufanya wengi wanaotaka kusomea MBA ughaibuni, una maswali ambayo mwalimu wangu wa hesabu wa sekondari angeyaita uvivu. Unapewa swali na taarifa mbili, halafu hutakiwi kutoa jibu. Kazi yako ni kusema kama taarifa hizo zinatosha kulipata. A: ya kwanza peke yake inatosha. B: ya pili peke yake. C: mpaka ziungane. D: kila moja inajitosheleza. E: hata zikiungana, bado. Uchaguzi ni huo huo kila swali. Siku hizi maswali haya yamewekwa kwenye sehemu ya Data Insights, maswali 20 kwa dakika 45, kwa hiyo anayekokotoa mpaka mwisho anajichimbia shimo.

Kwenye uwezekano ndiko kwenye kasheshe. Jumamosi moja nilichukua mfuko wa vibanio vya nguo, vyekundu na vyeupe, nikakaa nao barazani kujifua. Ukichomoa kimoja bila kuangalia, uwezekano wa kupata chekundu ni kiasi gani? Taarifa ya kwanza: vyekundu ni mara mbili ya vyeupe. Ya pili: vyekundu ni 8. Ya kwanza inamaliza mchezo: 2/3, viwe vibanio 3 au 300. Ya pili peke yake ni umbea tu, maana vyeupe haivitaji. Jibu ni A.

Sasa chomoa viwili mfululizo bila kurudisha cha kwanza, na utake vyote viwe vyekundu. Vyekundu vikiwa 2 na cheupe 1, uwezekano ni 1/3. Vikiwa 4 kwa 2, ni 2/5. Uwiano ule ule, majibu mawili! Hapo ule umbea wa 8 unahitajika, na jibu ni C.

"Mwanangu, vibanio viko wapi?" Mama alikuwa amesimama kambani, mashuka yanamchuruzikia miguuni.

"Ninavyo, mama. Napima kama vinatosha."

"Vitoshe nini? Mashuka mawili haya."

"Ukubwa wa shuka hujasema."

"Nitakutajia ukubwa wa kiganja."

Taarifa hiyo ilijitosheleza.

Jioni alitaka kujua kama ajaze ndoo. Nikamwambia tuseme uwezekano wa umeme kukatika kesho ni 0.3, na wa maji kutotoka ni 0.4. Je, uwezekano wa kupata walau balaa moja ni kiasi gani? Mwanafunzi mwenye papara anachagua C, kwa sababu taarifa mbili zinaleta faraja. Akizichukulia kuwa hazitegemeani anapata 0.58, anatabasamu. Nani kamwambia hazitegemeani? Kwetu maji yanapandishwa na pampu, na pampu inakula umeme. Jibu linaweza kuwa popote kati ya 0.4 na 0.7, yaani E. Nilipomaliza kueleza, mama alikuwa ameshajaza ndoo zote na sufuria ya pilau.

Ubaya wa mazoezi haya ni kwamba yanakufundisha kusimama pale jibu linapoanza kuonekana. Ujanja wake mkubwa, kuipima taarifa ya kwanza kisha kuisahau kabisa kabla ya kugusa ya pili, unafaa sana kwenye karatasi. Lakini ile tabia ya kusimama kabla ya jibu haikunifaa kwenye kikao cha harusi ya binamu yangu. Mwenyekiti aliniuliza ahadi yangu ni shilingi ngapi, nami, kichwa kikiwa bado kwenye vibanio, nikajibu kwamba kiasi hicho kinaweza kupatikana.

Kwenye GMAT hilo ni jibu kamili. Mweka hazina akaandika laki tatu.

Nikasimama kupinga, nikasema kauli yangu moja haitoshi kufikia tarakimu ile. Mwenyekiti akavua miwani, akakiri kwamba nina hoja, kisha akaomba taarifa ya pili kutoka kwa mama.